Chura wa Mtini na Ng'ombe wa Bonde la Elbe

Zizi la ng'ombe ndilo lililonikutanisha na chura. Nilikuwa miongoni mwa vijana wa Unguja na Pemba waliopelekwa Ujerumani Mashariki kusoma, njia iliyofunguka baada ya Mapinduzi ya 1964, pale nchi ile ilipofanya urafiki na Zanzibar na mafundi wake wakaja kutujengea majumba ya Kikwajuni. Mimi nilipangiwa udaktari wa mifugo. Leipzig nilianza na lugha katika Taasisi ya Herder, ambako Wavietnam, Wakuba, Wayemeni na Waafrika wa kila upande tuligombana pamoja na vitenzi vya Kijerumani, kisha nikaingia Chuo Kikuu cha Karl Marx. Huko ng'ombe nilimjua kwa mifupa yake, kwa sehemu nne za tumbo lake na kwa maradhi ya kwato. Chura nilimjua wa kupasuliwa tu, amelala chali kwenye ubao, amepigwa pini mikono na miguu.

Mafunzo ya vitendo yalinipeleka kwenye shamba moja la ushirika kando ya Mto Elbe, baina ya Dessau na Magdeburg. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mashamba yale yalikuwa makubwa kupita akili ya mtu aliyezoea kuona ng'ombe watatu wamefungwa chini ya mnazi. Serikali ilikuwa na ramani moja ya banda la ng'ombe wa maziwa 1,930, na ramani ile ilijengwa mkoa huu na ule. Mnyama alikula humo, akakamuliwa humo, akazaa humo. Majani aliyajua yakiwa yamekatwa na kuletwa kwa trela. Sikuyadharau mabanda yale, nisieleweke vibaya: maziwa yalipatikana, na sisi wanafunzi tulijifunza mengi, maana penye ng'ombe elfu mbili hapakosi ugonjwa wa kusomea.

Lakini sheria ya ushirika ilimruhusu kila mwanachama kuwa na kijishamba chake na ng'ombe wake mmoja au wawili. Mzee aliyenipangisha chumba, mjane na mstaafu wa shamba lile, alikuwa na wawili, weupe kwa weusi, akiwalisha kwenye malisho nyuma ya tuta la mto. Wajukuu zake walimwita Opa, nami nikamwita hivyo hivyo. Yeye aliniita Herr Doktor, kwa utani, miaka kadhaa kabla sijastahili kuitwa hivyo.

Jioni moja ya Mei, siku ya kwanza yenye joto la kweli tangu nifike kijijini, nikasikia kelele upande wa malisho. Kep-kep-kep-kep, kavu na ya haraka, mara nne au tano kwa sekunde moja, ikakatika, ikaanza tena. Akajibu mwingine, akaingia wa tatu, na baada ya kitambo hapakuwa tena na nafasi ya pumzi. Nilidhani bata wa mtu wamevamiwa na mbweha. Opa alikuwa ukumbini anafunga kamba za viatu. "Madume hao," akasema. "Wanaposa."

Tulichukua tochi na mabuti ya mpira. Dimbwi lenyewe halikuwa la kusifiwa: maji ya kufika gotini katikati ya majani, ukingo mmoja umevurugwa na kwato, upande wa pili kichaka cha miiba. Kadiri tulivyokaribia, ndivyo kelele ilivyozidi hadi ikauma masikio, kisha mguu wangu ukapiga maji na wote wakanyamaza kwa pamoja. Ikabidi tusimame wima tusitikisike. Akaanza mmoja mwenye ujasiri, wa pili akamfuata, na haukupita muda kwaya ikarudi kana kwamba hatupo.

Opa alimmulika aliyekuwa karibu. Sikuamini kwamba kelele ile inatoka kwenye kiumbe kile. Mwili mzima haukufika sentimita tano. Alikaa nusu majini, mikono ya mbele imeshika jani, ngozi ya mgongo laini na ya kijani kibichi. Koo lilikuwa limevimba likawa kubwa kuliko kichwa chake, ngozi yake ya hudhurungi ya dhahabu imevutika hadi mwanga wa tochi ukapenya. Mdomo ulikuwa umefumbwa. Kila mlio ulipotoka mbavu zilibana, hewa ikasukumwa kooni, kisha ikarudi mapafuni, na maji yaliyomzunguka yakafanya viwimbi vyembamba. Hewa ile ile huzunguka ndani kwa ndani, haitoki nje. Usiku mtulivu sauti ya mmoja tu yaweza kusikika umbali wa kilomita moja, na ndiyo maana dimbwi moja lenye madume kumi laweza kuwanyima watu usingizi. Dume huja dimbwini usiku baada ya usiku, na hukonda. Kuimba kunakula nguvu, na anayeimba hana nafasi ya kuwinda.

Jike haimbi. Hukaa kando akisikiliza, kisha humwendea aliyemchagua, na siku nyingi mahari ni mlio wenyewe: wa haraka zaidi, wa kudumu zaidi. Siku hizi tunajua kuna zaidi ya hapo. Watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba hata katika giza la usiku jike huangalia rangi ya koo la dume, na humpendelea yule ambaye rangi yake imekolea. Nilipoisoma habari hiyo, nikiwa tayari mtu mzima na mvi zangu, nilimkumbuka Opa na tochi yake. Angesema hilo alilijua.

Wakishaoana, dume hupanda mgongoni mwa jike na kumkumbatia, na jike hutaga mayai katika vifurushi vidogo vidogo, kila kimoja hakizidi ukubwa wa ndimu, akivinasa kwenye mashina ya mimea ndani ya maji. Kwa msimu mmoja mayai hufika mia kadhaa. Akimaliza anaondoka, mara nyingi usiku uo huo, wala hageuki nyuma. Dume hubaki kwenye kelele zake akingoja mwingine.

Viluwiluwi vyake nilivitambua mapema kuliko vya aina nyingine. Vina rangi ya zeituni yenye udhahabu, macho yamewekwa pembeni kabisa mwa kichwa, na utando wa mkia uko juu sana, umeanzia karibu na macho. Huogelea katikati ya maji kama samaki wadogo, hali viluwiluwi vya vyura wakubwa wa kahawia hujificha chini kwenye tope. Maji yakiwa na joto, baada ya miezi miwili au mitatu huota miguu, mkia hunywea, na mwezi wa Julai au Agosti vichura visivyofika sentimita mbili hutoka majini na kupanda. Hawa si vyura wa kukaa chini.

Kwa kweli kiangazi ndicho kilichonifanya nimpende. Kwenye kile kichaka cha miiba, ambacho Wajerumani huchuma matunda yake meusi na kupika jamu, Opa alinionyesha alipokaa mmoja mchana kweupe, jua limemwangukia. Chura juani! Nililelewa nikijua kwamba chura wa mchana yuko chini ya mtungi au nyuma ya kisima. Huyu alikuwa juu ya jani pana, urefu wa kifua changu, amekunja mikono chini ya kidevu na miguu chini ya tumbo ili asipoteze maji mengi, macho nusu yamefungwa. Mstari mweusi ulianzia puani, ukapita jichoni na sikioni, ukaambaa ubavuni, na karibu na nyonga ukapinda juu ukafanya kitanzi kidogo. Kitanzi hicho ni alama yake. Jamaa yake wa kusini mwa Ufaransa na Hispania mstari wake huishia karibu na bega, ubavu umebaki safi.

Nilimshika, maana wakati ule hakuna aliyenikataza. Nilimweka juu ya kioo cha dirisha, akapanda wima mpaka juu bila kuteleza. Ncha ya kila kidole ina kijisahani. Ukikitazama kwa hadubini utaona seli zenye pembe zilizopangwa kwa ukaribu, na kati yao mifereji myembamba inayopitisha ute. Unyevu huo mwembamba baina ya kidole na kioo ndio unaoshika. Hakuna kunyonya, hakuna gundi. Kijani chake nacho ni mazingaombwe. Ngozini hamna rangi ya kijani hata tone. Juu kuna tabaka la seli za njano, chini yake seli zenye vipande vidogo vinavyorudisha mwanga wa buluu, na chini kabisa nyeusi. Njano juu ya buluu ndiyo inayotupa kijani. Tabaka hizo zikisogea, chura huyo huyo huwa wa kijivu, au wa kahawia, au mwenye madoa, ndani ya muda mfupi, kwa kufuata joto na unyevu na mahali alipokaa. Siku ile kwenye kioo aligeuka kijivu. Opa akasema amekasirika.

Mama yake Opa, alinisimulia, alikuwa na chura kama yule ndani ya mtungi wa kioo wenye maji kidogo na ngazi ndogo ya mbao. Chura akipanda ngazi, kesho jua; akishuka, mvua. Desturi hiyo ilienea Ujerumani nzima, na hadi leo mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni huitwa, kwa kutaniwa, chura wa hali ya hewa. Wanasayansi wamelieleza jambo hilo hivi: siku ya joto wadudu huruka juu, na chura anayewafuata hupanda juu pia. Ndani ya mtungi hakuna wadudu wa kufuatwa, basi chura wa watu alipanda alipotaka kutoka. Kwetu pia tukisikia vyura wa mabonde ya mpunga ya Cheju tunasema mvua i karibu, lakini angalau hatukumfunga mtu chupani ili atuambie.

Vitabuni chura huyu ni mkongwe. Linnaeus wa Uswidi alimpa jina la kisayansi mwaka 1758, na mwaka uo huo huko Nürnberg kilikamilika kitabu kikubwa cha vyura wa Ujerumani cha August Johann Rösel von Rosenhof, mchoraji wa picha ndogondogo aliyekuwa ameacha kuchora nyuso za matajiri akaanza kuchora wadudu na vyura, akiwafuata tangu yai. Alifariki mwaka uliofuata. Maktabani Leipzig nilionyeshwa nakala ya zile picha, na nakiri ni nzuri kuliko nyingi za vitabu vyangu vya chuo.

Mimi nilitaka kujua kama ni ndugu wa vyura wetu wa mitini. Jibu ni kwamba hapana, au ni udugu wa mbali sana. Vijichura vya rangi vinavyokaa kwenye matete ya pwani yetu, na yule wa kijivu anayetaga katika povu jeupe alilolipiga kwenye tawi juu ya dimbwi, ni wa koo nyingine kabisa. Vidole vyenye visahani kila ukoo ulijipatia kwa njia yake. Ukoo wa chura wa Opa haupo kusini mwa Sahara. Mahali unapotukaribia ni Yemen: kwenye milima yake yupo wa kijani aliyetenganishwa na wenzake na kupewa jina lake mwenyewe, Hyla felixarabica, mwaka 2010. Ulaya nako vinasaba vimemgawa yule tuliyemwita mmoja: wa Ureno na Hispania ni aina yake, wa Italia aina yake, wa mashariki kuelekea Urusi aina yake. Wa Elbe ndiye aliyebaki na jina la Linnaeus.

Sasa nifike kwa ng'ombe.

Siku moja tulikuwa tunakamua, na madume yameshaanza ingawa jua halijazama. Nikamtafsiria Opa methali yetu: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Alicheka akashindwa kukamua. "Nani kasema chura anataka kumzuia?" akaniuliza. "Anamwita!" Akaniongoza hadi ukingo wa dimbwi. Upande ambao ng'ombe hunywa ulikuwa wazi, maji ya kina kifupi, jua linafika chini, mashimo ya kwato yamejaa maji na humo viluwiluwi vimejazana. Upande ambao ng'ombe hawafiki, nyuma ya waya, matete yalikuwa yamesimama juu ya kichwa changu na maji yake ya baridi, meusi. Huko hamkuwa na kiluwiluwi hata kimoja.

Hilo ndilo somo ambalo sikufundishwa chuoni, na miaka yote niliyofanya kazi ya mifugo halijanitoka. Chura wa mtini jina lake linatudanganya. Tunadhani ni kiumbe cha msitu, tunadhani ukimwachia mahali pasipoguswa atastawi. Msitu mnene hautaki. Anachotaka ni dimbwi la kina kifupi lenye jua, lisilo na samaki, na kando yake vichaka, ua wa miti na malisho yenye wadudu. Dimbwi la namna hiyo likiachwa peke yake halidumu. Matete hulivamia, mierebi hufuata, kivuli huingia, maji hupoa, na viluwiluwi hukosa joto la kukulia. Lazima mtu au mnyama alisumbue. Zamani alikuwa mto wenyewe, uliofurika na kuhama na kuchimba mashimo mapya. Mto ulipofungwa kwa matuta, kazi ikarithiwa na ng'ombe.

Elbe haikunyimwa kazi yote. Majira ya kuchipua, mto ukijaa kwa theluji iliyoyeyuka, maji hupenya chini ya tuta na kuibuka upande wa pili katikati ya malisho, yakafanya madimbwi ambayo mwezi wa Agosti yamekwisha. Mkulima huyachukia, maana yanaozesha majani. Chura huyapenda kwa sababu hiyo hiyo ya kukauka: pasipodumu maji hapaishi samaki, na samaki ndiye adui mkubwa wa kiluwiluwi hiki kinachoogelea hadharani. Mwaka mwingine dimbwi hukauka mapema na kizazi kizima hufa juani. Mwaka mwingine maji hudumu mpaka wote wakatoka. Chura huyu porini haishi miaka mingi, ingawa wa kifungoni wamewahi kupita kumi na mitano, kwa hiyo miaka mibaya miwili mitatu ikifuatana dimbwi hunyamaza. Ndipo inapobidi wengine waje kutoka dimbwi la jirani. Wanaweza kutembea kilomita kadhaa, wakifuata ua wa miti na mitaro. Dimbwi moja haliokoi kitu. Yanahitajika mengi, yenye njia kati yake.

Na hayo ndiyo yaliyokuwa yanaondolewa mbele ya macho yangu. Mashamba ya ushirika yaliunganisha vipande vya wakulima kuwa shamba moja la kutazama mpaka macho yachoke. Nyua za miti ziling'olewa ili trekta lisigeuke geuke. Mabomba ya kuondoa maji yalizikwa ardhini. Madimbwi yalifukiwa kwa kifusi, na yaliyobaki yakapandikizwa samaki wa kuvua siku za mapumziko. Ndege ndogo za kilimo zilimwaga mbolea juu ya kila kitu. Magharibi nako, licha ya siasa tofauti, yalitendeka yayo hayo kwa fedha nyingi zaidi. Uswisi, Uholanzi na Ubelgiji chura huyu alitoweka sehemu baada ya sehemu. Kwa habari ya madimbwi, pande mbili za Ukuta wa Berlin zilikubaliana.

Palikuwa na mahali pamoja ambapo nisingetegemea. Jeshi la Kisovieti lilikuwa na viwanja vikubwa vya mazoezi, vimezungushiwa mbao za kukataza watu kuingia. Vifaru vilipita humo mwaka mzima vikichimba mashimo kwa minyororo yake, mashimo yakajaa mvua, na kila mwaka yalichimbwa mapya kabla ya yale ya zamani kuota majani. Hakuna mbolea, hakuna dawa, hakuna samaki. Usiku wa Mei watu wa vijiji vya pembeni walisikia vyura wa mtini kutoka ndani ya uzio kuliko popote. Chombo cha vita kilifanya kazi ya ng'ombe. Wanajeshi wa mwisho waliondoka Agosti 1994, na viwanja vile, vilivyodhaniwa sasa vimepumzika, vikaanza kuota misonobari.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshamaliza na kurudi Unguja. Opa aliniandikia barua kwa mwandiko wa kalamu ya wino, sentensi fupi fupi. Ukuta umeanguka. Sarafu imebadilishwa, Julai 1990, na tangu siku hiyo maduka yanauza maziwa ya Magharibi na ya kwetu hayana mnunuzi. Banda kubwa limeuza ng'ombe wake. Yeye naye aliwauza wale wawili kwa sababu magoti hayamruhusu. Barua ya mwisho ilieleza habari ya korongo weupe waliojenga tena juu ya paa la ghala, akaniuliza kama nimewaona kwetu, maana korongo wa Elbe wakati wa baridi hushuka mpaka Tanzania. Nikamjibu kwamba Unguja hawafiki, bali wapo bara. Sikujua kama barua ile ilimkuta hai.

Nilirudi Ujerumani baada ya miaka mingi, kwa mafunzo mafupi ya chanjo, nikaomba siku ya mapumziko nikapanda treni. Nyumba ina watu wengine. Nyuma ya tuta malisho yamelimwa mahindi, yale ya kuoza kwa makusudi ili yatoe gesi ya umeme. Dimbwi lilikuwepo kwa jina, limezungushiwa waya na kuwekewa kibao kwamba ni eneo la hifadhi, na ndani yake matete na mierebi mitupu. Nilisimama pale jioni nzima, mwezi wa Mei, hewa ya joto. Nilisikia magari ya barabara kuu. Kibao kilikuwa safi, kimepakwa rangi mpya.

Sisemi hifadhi haina maana. Wenyewe wameshajifunza, na wamejifunza haraka kuliko nilivyotarajia. Sehemu ya bonde lile ilitambuliwa na UNESCO tangu 1979, zama za Ujerumani Mashariki, kwa sababu ya misitu yake ya mafuriko na wanyama wanaojenga mabwawa kwa miti, na baadaye eneo likapanuliwa. Katika msitu wa Lödderitz shirika la WWF limesimamia kazi ya kulirudisha tuta nyuma, hekta 600 hivi zikarudishiwa mafuriko ya mto. Karibu na Dessau, kwenye Oranienbaumer Heide, uwanja uliokuwa wa vifaru vya Kisovieti, tangu 2008 wameachiwa ng'ombe na farasi wa aina ngumu wakae nje mwaka mzima, baridi na theluji, wale vichaka na kukanyaga ardhi. Niliwaona kwa mbali, wenye pembe ndefu, manyoya mazito. Nikamwambia kijana wa hifadhi aliyetuongoza kwamba mimi ni daktari wa mifugo na ningependa kuona kwato zao. Alidhani natania.

Kusini mwa Uswidi, mpaka wa kaskazini kabisa wa chura huyu, walichimba madimbwi mapya mamia kwa mamia na kurudisha ng'ombe malishoni, na idadi yake ikapanda kwa kishindo. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi unaotosha. Hawakumzalisha maabara, hawakumjengea uzio. Walimpa maji mafupi yenye jua na wakafungua zizi. Ujerumani bado yumo katika orodha ya walio hatarini, na hali yake ni ya kijiji kwa kijiji: hapa kwaya, kilomita tatu mbele hakuna hata mmoja.

Nasikia siku hizi vijana wetu wengi wako Berlin, Hamburg na Leipzig. Ukiwa mmoja wao, mwezi wa Mei ukipata usiku usio na upepo na hewa haijashuka chini ya nyuzi kumi, toka mjini. Uliza wenyeji palipo malisho yenye ng'ombe karibu na maji, si palipo na msitu. Fika kabla ya saa nne za usiku, vaa mabuti ya mpira, na ukikaribia zima tochi usimame mpaka waanze wenyewe. Ukimwona, mwangalie tu. Mkataba wa Bern wa 1979 na sheria ya Ulaya ya 1992 vinakataza kumkamata, kumsumbua na kuharibu anapozalia; mtungi wa mama yake Opa leo ungempeleka mtu mahakamani. Kwaya huanza kupungua baada ya saa sita, na kufika saa nane dimbwi limeshanyamaza, basi usichelewe kwa kungoja treni ya mwisho.